Chasi Fupi, Dereva Nyuma: Dragsta ya Mtindo wa 1959 Inavyojengwa Nyumbani

Dragsta ninayoijenga, gari la mbio za mstari mnyoofu, ina inchi 98 kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, yaani mita 2.49. Toyota Corolla ya miaka ya 1990 ina karibu kipimo hicho hicho. Lakini hapa hakuna milango, hakuna buti wala kiti cha abiria. Kuna mihimili miwili ya bomba la chuma, injini ya V8 iliyo wazi, na nafasi ya mtu mmoja mkiani kabisa, mgongo wake ukiwa nyuma ya ekseli na miguu yake ikipita huku na huku ya difu. Kila anayeingia gereji kwangu huuliza kwa nini dereva amesukumwa huko nyuma, na jibu la swali hilo ndilo linaloeleza gari zima.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Kazi niliianzia Tanga, na siku hizi naishi Bakersfield, California, ambako mchana nachomelea mabomba ya visima vya mafuta. Kaskazini mwa mji kuna uwanja wa Famoso, na kila Machi hufanyika hapo mashindano yaliyoanzishwa mwaka 1959 na klabu ya vijana wa mji huu, iliyoitwa Smokers. Don Garlits, ambaye baadaye alikuja kuwa jina kubwa kuliko yote katika mchezo huu, alifunga safari kutoka Florida kuja kushindana mwaka ule wa kwanza. Ushindi ukabaki California: aliuchukua Art Chrisman akiwa na gari lake, Hustler I. Mara ya kwanza nilipoona magari ya enzi hiyo yakiwashwa uwanjani, nilichokitazama zaidi ni maungio ya mabomba. Nilitamani kujua yameshikana vipi.

Mbio zenyewe ni rahisi kueleza. Magari mawili husimama sambamba, taa au bendera huwaruhusu, nayo hukimbia robo maili ya mstari mnyoofu, mita 402. Anayefika kwanza ameshinda. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia vijana wa California walikuwa wakifanya hivyo barabarani na kwenye njia za ndege. Mwaka 1950 Santa Ana ikapata mbio rasmi kwenye uwanja wa ndege, na mwaka uliofuata Wally Parks akaanzisha chama cha NHRA, ambacho hadi leo ndicho mtunga sheria mkuu wa mchezo huu.

Nguvu ya injini haikuwa tatizo kubwa la vijana wale. V8 za Ford, Chevrolet na Chrysler zilipatikana kwenye vyuma chakavu, na pampu za kusukumia hewa waling'oa kwenye injini za dizeli za GMC. Tatizo lilikuwa tairi. Tairi za wakati ule zilikuwa ngumu na nyembamba, nyingine zimevalishwa mpira upya, na dereva alipofungua mafuta zilizunguka mahali pamoja zikitoa moshi. Sasa, gari haliwezi kwenda mbele kwa nguvu inayozidi mshiko wa tairi, na mshiko hutegemea uzito unaoikandamiza tairi kwenye lami. Kwa hiyo kazi ya fundi ikawa moja: kupeleka uzito nyuma.

Njia ya kwanza ni kuuweka huko tangu mwanzo. Mwaka 1954 Mickey Thompson alijenga gari ambalo dereva wake alikaa nyuma ya ekseli ya nyuma, na injini ikarudishwa karibu naye. Mtu wa kilo 80 aliyekaa nyuma ya ekseli hukandamiza magurudumu ya nyuma kwa zaidi ya kilo 80, kwa sababu anapokaa pale anainua pua ya gari kidogo. Dereva wa bodaboda aliyefunga gunia mwisho kabisa wa kiti analijua jambo hili kwa mikono yake: usukani huwa mwepesi ghafla.

Njia ya pili ni kuuacha mwondoko wenyewe upeleke uzito nyuma, na hapa ndipo ufupi wa chasi unapoingia. Chukua gari la kilo 700 pamoja na dereva, kitovu cha uzito wake kikiwa sentimita 45 juu ya lami. Liondoke kwa kasi inayoongezeka sawa na ile ya kitu kinachodondoka. Kama nafasi kati ya ekseli mbili ni mita 2.5, kilo 126 zitahama kutoka mbele kwenda nyuma. Irefushe nafasi hiyo iwe mita 5, na zitahama kilo 63 tu. Ukifupisha chasi kwa nusu, umepata mara mbili, bila kununua kitu.

Scotty Fenn alilishika wazo hili kwa nguvu. Kampuni yake, Chassis Research, iliuza fremu fupi kwa watu waliokwenda kuzimalizia wenyewe nyumbani. Jim Nelson na Dode Martin wa Dragmaster, kule Carlsbad, nao walifanya hivyo. Kwa hiyo ninayejenga gereji kwangu leo nafuata njia iliyokuwapo tangu mwanzo: dragsta nyingi za miaka ile zilizaliwa nyuma ya nyumba za watu.

Enzi ya chasi fupi haikudumu. Kampuni ya M&H ilitengeneza tairi laini zilizokusudiwa mbio hizi, nguvu ya injini ikapanda, na magari mafupi yakaanza kuinua pua na kuyumba vibaya. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 fremu zilikuwa zimepita inchi 200. Dragsta za daraja la juu za leo zina inchi 300, mita 7.62. Nazistahi, lakini mapenzi yangu yako kwenye ile miaka michache ambapo mtu mwenye mashine ya kuchomelea, msumeno na akili ya hesabu angeweza kujenga gari la kushindana na yeyote.

Kazi inaanzia kwenye meza ya chuma iliyosawazishwa kwa pima maji. Mihimili yangu ni ya bomba la kromoli 4130, ambalo ni imara kuliko chuma cha kawaida, kwa hiyo ukuta wake unaweza kuwa mwembamba na fremu ikawa nyepesi. Ncha ya kila bomba la kukingama hukatwa kwa mkunjo ili ilikumbatie bomba jingine bila mwanya. Ukiona mwanya, usiuzibe kwa weldi, kata bomba jingine. Kwanza naweka vitone vya kushikilia tu, fremu nzima, kisha naanza kuchomelea kwa kuruka: kiungo cha kushoto mbele, cha kulia nyuma, narudi katikati. Joto huvuta chuma. Fundi anayemaliza upande mmoja kabla ya mwingine atakuta fremu yake imejipinda kama upinde, na kromoli iliyojipinda haipendi kunyooshwa.

Ekseli ya nyuma ni Ford ya inchi 9, iliyokatwa na kufupishwa. Imefungwa kwenye fremu moja kwa moja, bila springi wala shokapu, na difu imefungwa ili magurudumu yote mawili yazunguke pamoja. Hapa napima mishazari ya fremu mara nyingi kuliko jambo lolote lingine. Gari refu husamehe ekseli iliyokaa upande kidogo. Gari fupi halisamehi, na dereva wake atapigana na usukani mwendo wote.

Mbele ni ekseli ya bomba, magurudumu membamba, springi moja iliyokingama, na hakuna breki kabisa. Fimbo ndefu ya usukani hupita ubavuni mwa injini. Tangi dogo la alumini hukaa mbele kabisa, kama yale aliyotengeneza Dean Moon, na mahali hapo pana sababu: gari likichomoka, mafuta yenyewe husukumwa kurudi kuelekea injini.

Injini yangu ni Chevrolet ya lita 5.7 na giaboksi ya Powerglide yenye gia mbili. Natumia petroli. Methanoli hupoza injini vizuri, lakini moto wake hauonekani mchana, nami sitaki moto ambao watu wa uokoaji hawauoni.

Kwenye usalama ndipo uaminifu wangu kwa mwaka 1959 unapokoma. Dragsta nyingi za zamani zilikuwa na upinde mmoja wa bomba nyuma ya kichwa cha dereva, basi. Tarehe 8 Machi 1970, kwenye uwanja wa Lions karibu na Long Beach, giaboksi ya Garlits ililipuka katikati ya miguu yake. Gari lilikatika vipande viwili, naye akapoteza sehemu ya mguu wa kulia. Mwaka uliofuata alirudi na injini nyuma ya dereva na kushinda mashindano ya Pomona, na taratibu karibu wote wakamfuata. Mimi nimeiacha injini mbele kwa kuwa ndiyo sura ninayoipenda, na kwa sababu hiyo hiyo nina wajibu mkubwa zaidi: kizimba kamili kinachofuata sheria za leo, ngao ya chuma kuzunguka giaboksi, mikanda ya mabega na kiuno, nguo za kuzuia moto, na parachuti nyuma. Wapo wanaosema kizimba kinaharibu sura. Kwangu hilo halina mjadala.

Mkaguzi wa chasi atapima unene wa mabomba kwa kifaa cha mawimbi ya sauti na kuangalia kila kiungo. Nitafunga mabati ya alumini baada ya yeye kuridhika. Kisha tutaenda uwanjani kujaribu mita 18 za kwanza pekee, ambazo saa za uwanja huzipima kivyake. Kwenye umbali huo ndipo uzito unapohamia nyuma, na ndipo nitakapojua kama inchi 98 ndicho kipimo sahihi kwa tairi nilizonazo, au fremu inayofuata iwe na inchi mbili tatu zaidi.