‘Us’: Venye Lupita alikuchezea shere mbele ya macho yako

Kama hujacheki Us, rudi baadaye, juu hapa naanika kila kitu. Kwa wale mshaiona, nina swali moja: ulikuwa unamshangilia nani?

Rada ni hii. Us ni muvi ya Jordan Peele iliyotoka Machi 2019. Familia ya Wilson imeenda likizo Santa Cruz, California. Usiku, watu wanne wenye nguo nyekundu wanasimama nje ya nyumba, wameshikana mikono. Wakiingia ndani, ni wao wenyewe! Sura zile zile, ila hawa wametoka chini ya ardhi na wako na mikasi. Lupita Nyong'o anacheza mathe wa hiyo familia, Adelaide, na pia Red, kiongozi wa hao wa chini. (Winston Duke naye ndiye fathe, ako busy na boti yake na vichekesho.)

Wasee wengi ukiwauliza watakuambia Red ndiye noma. Ile sauti manze, kama mtu anavuta pumzi na kuongea saa hiyo hiyo. Na kati ya hao wote wa chini, ni yeye pekee anaongea. Wengine ni kunguruma tu.

Kwa nini? Jibu linakuja mwisho. 1986, Adelaide akiwa mtoto, alijitoa kwa wazazi wake akaingia nyumba ya vioo hapo ufukweni, akakutana na mtoto wanafanana kila kitu. Huyo mtoto akamkaba koo, akamburuta hadi chini, akamfunga pingu kitandani, akavaa tishati yake na kurudi juu kwa wazazi. Yaani Red ndiye Adelaide wa ukweli, na sauti yake imeharibika hivyo juu ya kukabwa. Huyo mama tumemwombea karibu saa mbili ndiye mwizi.

Sasa irudie ukijua hivyo. Kwa gari, ngoma ya Luniz ikicheza, Adelaide anamwambia kijana wake Jason afuate mdundo, lakini vidole vyake mwenyewe vinapiga nje ya biti. Ufukweni anamwambia rafiki yake Kitty kwamba kupiga stori humpa shida. Mara ya kwanza unadhani ni aibu tu. Halafu akimmaliza mmoja wa wale wa chini, anatoa mngurumo kama wao. Hata pingu: Red anamlazimisha ajifunge kwa meza, na wewe unaona ni ukatili. Kumbe anarudishiwa yake.

Kwangu, Adelaide ndiye kazi ngumu kuliko Red. Red unamwogopa akifungua mdomo tu. Adelaide ni mtu anaigiza kuwa mtu tangu utotoni, na Lupita alifaa kukuonyesha hiyo bila wewe kushtuka.

Ile sauti pia ilileta kisanga. Lupita alisema aliitoa kwa ugonjwa wa ukweli wa koo, unaofanya misuli ya sauti ijikaze yenyewe. Watetezi wa wagonjwa hawakufurahia ugonjwa wao kufanywa alama ya uovu, na akaomba msamaha kwa TV. Enyewe walikuwa na pointi.

Muvi ilitengenezwa na kama dola milioni 20, ikarudisha zaidi ya milioni 250. Wakosoaji wa filamu wa New York wakampa Lupita tuzo ya mwigizaji bora wa kike 2019. Oscar ya 2020 ikampa nini? Hewa. Muvi yote haikuteuliwa hata mara moja. Toni Collette alipitia hiyo hiyo na Hereditary ya 2018. Hao wazee wa Oscar muvi ya kutisha huwa hawaitaki sana, hata ukiwa tayari uko na Oscar kwa kabati kama Lupita.

Na bado kuna Jason. Pale mwisho kwa ambulensi anamwangalia mamake sana, mamake anatabasamu kidogo, na kijana anashusha maski yake usoni.