Gari kuukuu na kipimo cha moshi: fundi aanzie wapi?

Katika gereji za Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambako Kiswahili ndiyo lugha ya fundi na ya muuza vipuri, ni nadra gari kuambiwa kwamba limezeeka mno. Toyota zilizokwisha kutumika Japani kwa miaka mingi huingia nchini kupitia bandari ya Dar es Salaam, usukani ukiwa kulia ilhali nchini Burundi magari hupita upande wa kulia wa barabara, kisha huanza maisha ya pili ya kubeba abiria na mizigo. Swali linalozidi kuwakabili wamiliki wake ni la moshi.

Ukaguzi wa kiufundi wa magari nchini Burundi uko mikononi mwa OTRACO, shirika la umma la usafiri. Katika nchi jirani ya Rwanda, upimaji wa lazima wa moshi ulizinduliwa Agosti 2025. Kwa mwenye teksi, kushindwa kipimo ni siku ya kazi iliyopotea, na mara nyingi ni mwanzo wa kununua vipuri kwa kubahatisha.

Kinachosahaulika ni kwamba magari haya yaliwahi kufaulu. Japani, gari la binafsi hukaguliwa miaka mitatu baada ya kununuliwa likiwa jipya, kisha kila baada ya miaka miwili, na moshi ni sehemu ya ukaguzi huo. Aghalabu kosa si la umri peke yake, bali la kile kilichong'olewa au kupuuzwa baadaye.

Vipuri viwili vinavyong'olewa

Cha kwanza ni kifaa ambacho mafundi wa Afrika Mashariki hukiita masega, kwa kuwa ndani yake mna vijitundu vingi kama sega la nyuki. Kuta za vijitundu hivyo zimepakwa madini ya thamani, platinamu na paladiamu yakiwemo, ambayo huigeuza monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu isiyo na harufu, kuwa kaboni dioksidi. Madini hayo yana soko, na gari hubaki na bomba tupu. Kanuni za Ulaya zinaonyesha ukubwa wa hasara hiyo: magari ya petroli ya baada ya Oktoba 1986 yasiyo na masega yaliruhusiwa kutoa hadi asilimia 3.5 ya monoksidi ya kaboni injini ikiunguruma polepole, ilhali yenye masega yalitakiwa yasizidi asilimia 0.5.

Cha pili ni kidogo na cha bei nafuu, na pengine ndicho kinachodharauliwa kuliko vyote: thamostati. Katika mji wa joto kama Bujumbura, fundi huitoa akiamini kwamba injini itapoa vizuri zaidi. Lakini injini isiyofikia joto lake, ambalo kwa kawaida ni kati ya nyuzi 80 na 95 za Selsiasi, hujiona bado ni ya asubuhi. Kompyuta ya gari huendelea kuongeza petroli, mafuta huliwa bure, na moshi hushindwa kipimo hata kama masega yapo. Anayelalamikia ulaji wa mafuta na moshi kwa pamoja huenda analalamikia kasoro moja.

Namba zinasema nini?

Kwa gari la petroli, kijiti cha mashine huingizwa kwenye bomba la moshi, kisha gesi hupimwa injini ikiwa polepole na tena ikizungushwa kwa kasi. Monoksidi ya kaboni ikizidi, maana yake ni kwamba petroli ni nyingi kuliko hewa: chujio la hewa limeziba, nozeli inavuja, thamostati haipo au sensa ya oksijeni imechoka. Mabaki ya petroli isiyoungua yakizidi peke yake, mshukiwa wa kwanza ni plagi au koili. Oksijeni ikizidi mno, huenda bomba lenyewe limetoboka, na mchomeleaji wa mtaani atamaliza kazi kabla ya adhuhuri.

Kwa dizeli, mpimaji hukanyaga mafuta hadi mwisho mara kadhaa, na mashine hupima jinsi moshi unavyozuia mwanga. Moshi mweusi huashiria chujio, nozeli au pampu. Moshi wa bluu ni habari nzito zaidi: oili inaungua ndani ya injini, na ringi za pistoni au sili za valvu zimekwisha. Hapo mwenye gari hana budi kupiga hesabu kama injini inastahili kufunguliwa.

Tatizo la mafuta

Tangu 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, Burundi ikiwemo, zilikubaliana kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Hata hivyo uhaba mkubwa wa mafuta wa miaka ya karibuni umewafanya madereva wengi wa Bujumbura wanunue kwenye chupa na madumu, mengine yakivushwa kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka wa Congo. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa haiungui ipasavyo, na hakuna plagi mpya itakayolificha hilo. Mwenye kuitegemea foleni ya kituo cha mafuta ana sababu ya kujaza tangi huko walau kabla ya kipimo, akiweza.

Baada ya hapo lipo jambo lisilogharimu kipuri chochote. Masega hayaanzi kazi mpaka yapate joto la takriban nyuzi 250 hadi 300. Gari lililozimwa na kusubiri foleni kwa saa nzima linaweza kushindwa ilhali ni zima, na barabara kuu inayopanda kuelekea Bugarama hulipasha moto haraka kuliko kuungurumishwa likiwa limesimama. Likishindwa, karatasi yenye vipimo na ipelekwe gereji pamoja na gari, ili fundi aisome kabla ya kushika spana.