Je, Wajua? Umri wa mama na umri wa yai
Mtoto wa kike huzaliwa akiwa tayari na mayai yake yote ya uzazi, kati ya milioni 1 na 2. Akivunja ungo hubakiwa na takribani 300,000 hadi 400,000. Kwa hiyo anayebeba mimba akiwa na miaka 40, yai lake nalo lina miaka 40. Ndiyo maana mimba hukawia kushika na huharibika kwa urahisi zaidi. Uwezekano wa mtoto kuzaliwa na hali ya Down hufika takribani 1 kati ya 100. Kwa mama wa miaka 25 haufiki 1 kati ya 1,000. Ajabu ni kwamba pacha wasiofanana huongezeka mama anapokaribia 40, kwani homoni inayokuza mayai hupanda na mawili huweza kupevuka pamoja.

Kuzaa mapema mno nako ni hatari. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa wasichana wa miaka 10 hadi 19 hupata kifafa cha mimba zaidi ya wenye 20 hadi 24. Binti huyo anahitaji kliniki mapema, tena anahitaji darasa. Tanzania iliwafungulia waliojifungua mlango wa kurudi shuleni Novemba 2021, haki waliyocheleweshewa mno.