Mwandishi akija kusoma hadithi yake, unaenda kufanya nini?

Juzi madogo wawili wa kidato cha tatu wamenibana hapa cafe: eti wametangaziwa mtunzi wa riwaya anakuja "kusoma", sasa anasoma nini wakati kitabu kipo na kusoma wanajua? Swali zuri. Mimi nilishahudhuria shughuli kama hiyo nikiwa mwanafunzi hapa hapa Mtwara, ngoja niwape picha.

Mtunzi anachagua kipande, kurasa tano sita hivi, anakisoma kwa sauti yake mwenyewe. Mwisho wa hadithi hasomi, anataka ukautafute. Halafu maswali, halafu wenye hela wananunua nakala na kusainiwa. Basi. Mgeni rasmi sio lazima, ingawa kwetu Bongo huwa hakosekani na hotuba yake inazidi hadithi.

Yule wetu alitoka Dar. Umeme ukakatika, spika zikafa, akashuka jukwaani akavuta kiti katikati yetu. Alifika pahala mama mkwe anamfukuza mkwe wake nyumbani. Kitabu nilikuja kukiona baadaye: maneno yale yana alama ya mshangao, mtu yeyote angeyasoma kwa kufoka. Yeye aliyasoma taratibu, chini kwa chini, kama anaagiza chumvi. Ukumbi kimya. Yaani yule mama alitisha kuliko angepiga kelele.

Mshikaji mmoja akanyoosha mkono: "Ujumbe wa riwaya hii ni nini?" Mtunzi akacheka, akasema akimwambia hatakuwa na sababu ya kuisoma. Mwalimu hakufurahi, na namwelewa, maana mtihani unataka dhamira na ujumbe. Lakini jamani, tusemezane ukweli: kuna watu wamejibu maswali ya Takadini na Watoto wa Mama Ntilie bila kuvishika vitabu vyenyewe, wamekariri vijitabu vya uchambuzi tu. Sio uvivu peke yake. Darasani kwetu tulikuwa sitini na kitu, nakala nne.

Hapo ndipo kusoma kwa sauti kunapookoa. Chukueni mfano wa jirani zetu Kenya. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki 2025, aliwekwa ndani bila mashtaka mwisho wa 1977. Humo gerezani Kamiti akaandika riwaya kwa Kigikuyu kwenye karatasi za chooni. Ikachapwa 1980, na Kiswahili chake kinaitwa Shetani Msalabani. Mwenyewe alieleza baadaye jinsi ilivyosambaa: familia zinamtafuta mmoja anayejua kusoma awasomee wote, wafanyakazi wanasomeana saa ya chakula. Mpaka baa! Msomaji akifika patamu na glasi yake imekauka, anaweka kitabu chini mpaka wateja wamwagizie nyingine. Nakala moja, masikio kibao.

Ila sharti lugha iwe ya wanaosikiliza. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alitoa Paradise mwaka 1994, habari za Yusuf, mtoto anayepelekwa kwa tajiri kufidia deni la baba yake. Ni hadithi ya pwani kabisa hii, lakini imeandikwa kwa Kiingereza. Akapata Nobel 2021, na mwaka 2022 ndipo Mkuki na Nyota wakatoa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Miaka 28! Sasa mtu anaweza kukaa barazani Mikindani au kule Msimbati akamsomea bibi yake, na bibi akamkatiza kubishana na huyo tajiri.

Kwa hiyo madogo, mtunzi akija msimuulize ujumbe. Muulizeni kipi alikifuta. Muulizeni kwa nini hapa alinyamaza kidogo. Mwombeni arudie ukurasa mlioupenda, wengi wanakubali. Kama mna nakala moja, mmoja aishike wengine mfunge macho. Na kaeni mbele, nyuma kuna wauza karanga.

Mwenye Peponi hapa Mtwara mjini aseme hapo chini anaazimisha kwa masharti gani. Kusoma nitasoma mimi, soda juu yenu.