Madaktari wa Meno Walihama, Wageni Wakaingia

Katikati ya jiji la Chicago, kwenye kona ya mitaa ya State na Washington, kuna jengo jeupe, jembamba, ambalo vioo vyake vimeshinda kuta. Ni Reliance. Leo ni hoteli ya kifahari, lakini lilijengwa kwa ajili ya maduka na ofisi, na ilibaki kidogo tu lifie mikononi mwa wenyewe.

Mwenye mradi, William Hale, alikuwa ametajirika kwa biashara ya lifti, kwa hiyo alijua vizuri kwamba ghorofa ya juu inapangishika kama watu hawapandi ngazi. Shida ni kwamba kiwanja kilikuwa na jengo la zamani, na wapangaji wa juu walikuwa na mikataba hadi 1894. Unafanyaje? Mwaka 1890 mafundi walizishikilia ghorofa za juu kwa jeki, wapangaji wakiwa humohumo na shughuli zao, huku chini msingi mpya unajengwa! Mikataba ilipoisha, masalia yakabomolewa na kazi ikaendelea. Msanifu wa kwanza, John Root, alikuwa ameshafariki 1891, akapokelewa na Charles Atwood wa ofisi ileile ya Daniel Burnham. Fremu ya chuma ya ghorofa kumi za juu ilisimama ndani ya siku 15. Mwaka 1895 jengo likafunguliwa.

Vile vioo havikuwa mapambo tu. Fremu ya chuma ndiyo inayobeba uzito, kwa hiyo ukuta wa nje hauna mzigo mkubwa, unaweza kuwa kioo karibu wote. Enzi zile taa za umeme zilikuwa hafifu, na mwanga wa jua ulikuwa sababu ya kulipa kodi. Nani anahitaji mwanga kuliko daktari anayechungulia jino? Ndiyo maana madaktari na madaktari wa meno walikuwa miongoni mwa wapangaji wake wakuu. Vigae vyeupe vya nje navyo viliwekwa kwa hesabu: Chicago ilijaa masizi ya makaa ya mawe, na ilitarajiwa mvua ingeviosha.

Baadaye mambo yakaharibika. Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ulipiga biashara, kisha wateja wakahamia vitongojini na ofisi zikawa tupu. Mwaka 1976 Reliance lilitangazwa alama ya kihistoria ya taifa, ila cheti hakilipi fundi wa paa. Liliendelea kuchakaa hadi serikali ya jiji ilipolinunua miaka ya 1990 na kuanza kulikarabati. Mwaka 1999 likafunguliwa kama Hotel Burnham, vyumba 122. Jina limebadilika tangu hapo, hoteli ipo.

Kwa nini hoteli, na si ofisi tena? Jibu liko kwenye ramani ya jengo. Kampuni za sasa zinataka ukumbi mpana, watu wengi sakafu moja. Reliance lina vyumba vidogovidogo, karibu kila kimoja na dirisha lake. Kwa kampuni hiyo ni kasoro. Kwa hoteli ndicho kinachouzwa. Chumba cha daktari kikatosha kitanda, na korido za marumaru na milango ya mbao yenye vioo vikabaki.

Hata hivyo kuna kilichopotea. Zamani mtu yeyote mwenye jino bovu alipanda lifti ile. Sasa ukitaka kulala juu, lazima mfuko uruhusu. Na hili si la Marekani tu: pale Shangani, Zanzibar, jengo la zamani la kampuni ya simu nalo ni sehemu ya hoteli ya Serena. Limepona, ila si kila Mzanzibari anaweza kulala humo.

Kwa hiyo tukibishana kuhusu majengo ya zamani ya miji yetu, tusiishie kwenye "libomolewe" au "lihifadhiwe". Tuulize: vyumba vyake vinafaa kazi gani leo? Nani atalipia paa? Na likishapona, mwananchi wa kawaida ataingia kupitia mlango upi? Chicago ilijibu vizuri maswali mawili ya kwanza. La tatu bado ni letu sote.