Kuukuu, Kongwe na la Kale: Maneno ya Anayewekeza katika Magitaa

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, aliyekuwa amejiwekea akiba kwa miaka kadhaa, aliniuliza kama ni Kiswahili sahihi kuuita mkusanyo wa magitaa "kitega uchumi". Nilimjibu kwamba swali lake ni la lugha na la fedha kwa pamoja, kwani asiyetofautisha maneno haya huenda asitofautishe pia vitu anavyovinunua.

Kitega uchumi (wingi: vitega uchumi). Neno hili limeundwa kutokana na vitenzi viwili: *tega*, kitenzi cha mwindaji, na *chuma*, kitenzi cha mvunaji, ambacho pia humaanisha kupata faida. Nyumba ya kupangisha ni kitega uchumi halisi: huleta kodi kila mwezi, nayo ikabaki mali ya mwenyewe. Gitaa halileti kodi wala gawio. Likikaa sandukuni miaka 20, faida yake, kama ipo, huonekana siku ya kuuzwa tu. Na muda wote huo hudai matunzo, bima na mahali pasipo joto kali wala unyevu mwingi. Neno linalolifaa zaidi ni limbiko, kutokana na *limbika*, yaani kuweka akiba kidogo kidogo na kusubiri. Fedha ya karo au ya matibabu haifai kulimbikwa namna hii.

Sifa tatu zifuatazo huchanganywa mara nyingi:

-kuukuu: kilichochakaa kwa matumizi. Gitaa kuukuu (wingi: magitaa makuukuu) huuzwa kwa bei ya chini.

-kongwe: kilichoishi muda mrefu. Sifa hii hutaja umri, haisemi lolote kuhusu bei.

-a kale: cha enzi iliyopita, kinachothaminiwa kwa ajili ya enzi hiyo.

Mfano mzuri ni Les Paul Standard yenye rangi ya machweo, iliyotengenezwa na kampuni ya Gibson nchini Marekani kati ya 1958 na 1960. Wakati huo wanunuzi walikuwa wachache, hata kampuni ikaamua kubadili umbo lake. Baadaye wapigaji wa bluzi na roki, akiwemo Eric Clapton, waliipenda sauti yake, na leo gitaa moja la aina hiyo lililo kamili huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Magitaa mengi ya umri uleule, yaliyotengenezwa kwa wingi kwa ajili ya wanaojifunza, yamebaki kuwa makongwe tu. Umri hauzai thamani pasipo uhaba na watu wanaokitaka kitu chenyewe.

Asilia: ambacho hakijabadilishwa. Gitaa asilia lina rangi, vinasa sauti na vifaa vya kukazia nyuzi vilevile lilivyotoka navyo kiwandani. La kale likipakwa rangi upya laweza kupoteza karibu nusu ya bei yake, hata kama linameremeta. Wahenga walisema *kipya kinyemi ingawa kidonda*. Mnunuzi mgeni hunaswa na unyemi huo.

Methali ya pili inayomhusu mwekezaji ni *mali bila daftari hupotea bila habari*. Mwaka 2020, gitaa la Martin D-18E la 1959 lililopigwa na Kurt Cobain liliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 6. Bila ushahidi wa nani alilimiliki na wapi lilipigwa, lisingefika bei hiyo. Daftari hilo litaje pia mbao. Mti wa Brazili uitwao Dalbergia nigra, ulio wa jenasi moja na mpingo wetu, umewekewa masharti makali zaidi ya biashara ya kimataifa tangu 1992. Gitaa lenye mbao hiyo, likivushwa mpaka bila vibali, laweza kutaifishwa.

Basi, kabla ya kulipa, mwulize muuzaji neno analolikusudia: kuukuu, kongwe au la kale? Akijibu "la kale", mwombe akuonyeshe uhaba wake, uasilia wake na karatasi zake. Mwanafunzi wangu aliahirisha ule mkusanyo. Alinunua gitaa moja, ambalo hulipiga kila jioni, na daftari moja.