Miongoni mwa Wachunga Kondoo wa Sardinia

Mtu aliyezoea magofu ya mwambao wetu, ambayo mawe yake yameshikamanishwa kwa chokaa, hana budi kustaajabu asimamapo mbele ya Su Nuraxi, karibu na kijiji cha Barumini katika kisiwa cha Sardinia, nchini Italia. Kwani mnara ule, ambao umri wake wakaribia miaka 3,500, umesimamishwa kwa majabali meusi ya volkano, jiwe juu ya jiwe, pasipo tone la chokaa, na kuba lake la ndani lashikwa na uzito wake wenyewe. Minara ya namna hiyo, ambayo wenyeji huiita nuraghe, imetapakaa kisiwani ipatayo 7,000.

Hata hivyo nakiri kwamba, kabla ya adhuhuri, macho yangu yalikwisha kuyaacha mawe yakawaelekea kondoo. Kisiwa kile kina kondoo wakaribiao milioni 3, na watu wasiotimu milioni 2. Popote ugeukapo wasikia kengele za shingoni. Mchunga kondoo mmoja, mzee wa makamo ya babu yangu, alituita kivulini akatuandalia jibini ya maziwa ya kondoo, akiikata kwa kisu cha mfukoni, pamoja na mkate mkavu, mwembamba kama karatasi, uitwao pane carasau. Mkate huo huokwa mara mbili: kwanza huvimba kama andazi, ukapasuliwa pande mbili, kisha hurudishwa tanurini ukaukie, ili aendaye malishoni kwa muda mrefu asikose riziki yake.

Katika mazungumzo ndipo aliponieleza ada iitwayo sa paradura. Mchunga kondoo akifikwa na wizi, maradhi au moto hata akabaki mikono mitupu, wenziwe kila mmoja humpelekea kondoo mmoja, naye akaanza upya. Wala hiyo si sadaka, wala si karadha, ila siku mwingine apatwapo na masaibu, aliyepewa jana hutoa leo. Mwaka 2017 ada hiyo ilivuka bahari, kondoo wapatao 1,000 wakapelekwa Cascia, katika bara la Italia, kwa wafugaji walioathiriwa na tetemeko la mwaka uliotangulia. (Sisi nasi twachangiana, alhamdulillahi, lakini daftari letu husomwa kwa sauti, jina kwa jina na shilingi kwa shilingi.)

Nilimuuliza mzee kama nyumbani kwao iliwahi kuwafika haja hiyo. Akasema kwamba alipokuwa kijana, kundi lote la baba yake liliibwa usiku mmoja, na baada ya siku chache zizi likajaa kondoo wa majirani, wenye masikio yaliyochanjwa alama za kila namna, kwa kuwa kila mwenye kundi ana alama yake. Baba yake hakuzigeuza alama zile. Apitaye njiani, akitazama masikio tu, aliweza kuhesabu majirani.